Nani anaichemsha dunia? Shahidi mmoja yuko chini ya maji hapa Malindi

Mwezi wa tatu, kaskazi imeshakufa na kusi haijaingia, huku Malindi ndo wakati joto linakukalia kifuani mchana na usiku. Jioni moja ya maleleji kama hayo stima ilikuwa imepotea, feni zote zimelala, na sisi tumetoka nje tumekaa barazani na kahawa chungu, kila mtu na kipepeo chake. Ami yangu, ambae amevua tangu hajaota ndevu, akasema bahari siku hizi ni ya moto, ukiingiza mkono unaona kama maji ya kuogea mtoto, na tafi hawapatikani tena pale walipokuwa wakipatikana. Kijana mmoja mwenye simu yake akamjibu, ami hali ya hewa tangu zamani hubadilika yenyewe, haya mambo ya tabianchi ni siasa za wazungu. Mzee mwengine akaongeza joto na baridi ni vya Mungu, binadamu ni nani hata aichemshe dunia.

Mimi siku ile nilinyamaza. Si kwamba sikuwa na jibu, nilikuwa nalo lakini vipande vipande, na jibu la vipande barazani haliendi popote. Nimekaa nalo tangu siku hiyo, nimelipanga, na nimeona niliandike lote hapa, manake hii kitu inatuhusu sisi watu wa pwani kabla ya wengi wengine.

Kwanza tutenganishe maswali mawili ambayo kila siku watu wanayachanganya. La kwanza, je dunia inapata joto kweli? La pili, kama ni kweli, nani anaileta hiyo joto? Mtu anaweza kukubali la kwanza akakataa la pili, na kusema kweli la kwanza peke yake halithibitishi la pili. Ukiona nyumba inaungua unajua kuna moto, hujajua bado nani kauwasha.

La kwanza tuna shahidi hapahapa kwetu, na naona uchungu kwamba wengi wetu hatumjui. Kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi, ile iliyotangazwa 1968, kuna matumbawe makubwa makubwa ya mviringo, yanakua polepole sana, kama sentimita moja hivi kwa mwaka, na kila mwaka yanaacha tabaka lake vile mti unavyoacha duara ndani ya shina. Wanasayansi walishuka na keekee ya chini ya maji wakachomoa kipande kirefu kama mchi, wakakipeleka maabara wakakisoma tabaka kwa tabaka. Wanakisomaje? Tumbawe hujenga mfupa wake kwa chokaa, na ndani ya chokaa mna oksijeni, na oksijeni ziko nyepesi na ziko nzito kidogo. Maji yakiwa ya moto zaidi, ile nzito huingia kwa uchache. Basi ukipima uwiano wa nzito na nyepesi kwenye tabaka la mwaka fulani, umepata kipimajoto cha mwaka huo, hata kama mwaka wenyewe hakukuwa na mtu yeyote Malindi mwenye kipimajoto.

Timu ya Julia Cole ilichapisha kazi hiyo mwaka 2000. Tumbawe moja, miaka 194, kuanzia mwanzo wa karne ya 19, yaani kabla hata Seyyid Said hajahamia Zanzibar. Na kilichoonekana ni mambo mawili kwa pamoja. Moja, maji ya Malindi yanapanda na kushuka yakifuata El Niño, ile ya bahari ya Pasifiki huko mbali, miaka ya moto na miaka ya baridi inapishana. Pili, chini ya huko kupanda na kushuka kuna mwinuko wa pole pole wa joto unaofika hadi nyuzi 1.3 tangu mwanzo wa miaka ya 1800. Kwa hivyo kijana wa barazani alikuwa na nusu ya ukweli, ndio, hali ya hewa hubadilika yenyewe, tumbawe lenyewe linamuunga mkono. Lakini linaonyesha pia kitu kingine juu ya hapo ambacho si kupanda na kushuka, ni kupanda tu.

Na si Malindi peke yake. Ukichukua vipimo vya dunia nzima, meli, maboya, vituo vya nchi kavu, muongo wa 2011 hadi 2020 ulikuwa na joto la nyuzi kama 1.1 zaidi ya ilivyokuwa 1850 hadi 1900, na mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kwenye rekodi kupita nyuzi 1.5. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linaingia baharini. Ami aliposema maji ni ya moto hakuwa anazeeka vibaya, alikuwa anasoma kipimo kwa mkono wake.

Haya, sasa nani.

Kabla ya kutafuta mtu lazima tujue silaha inafanyaje kazi. Nyie mnajua usiku wa mawingu unakuwa na joto kuliko usiku ambao mbingu iko wazi na nyota zote zinaonekana. Hiyo ni kwa sababu ardhi ikishapigwa jua mchana, usiku inatoa lile joto kurudi juu, kwa aina ya mwanga ambao jicho halioni, na mawingu yanalidaka yanalirudisha. Sasa hewa yenyewe, hata bila wingu, ina gesi chache zinazofanya kazi hiyohiyo ya shuka. Nitrojeni na oksijeni, ambazo ndo karibu asilimia 99 ya hewa kavu, hazifanyi, zinaacha joto lipite. Zinazolidaka ni mvuke wa maji, kaboni dayoksaidi, metheni na nyingine chache. Bila shuka hii dunia ingekuwa na wastani wa nyuzi 18 chini ya sifuri, bahari ingekuwa barafu. Kwa hivyo gesi hizi si uchafu wala sumu, ni neema, shida ni kuongeza shuka juu ya shuka mwezi wa tatu.

Na hii si elimu ya juzi. Mwaka 1856 mwanamke wa Kimarekani anaitwa Eunice Foote alichukua mitungi ya vioo akatia hewa tofauti akaiweka juani, akaona ule wenye kaboni dayoksaidi unapata moto zaidi na unachelewa kupoa. Miaka mitatu baadae John Tyndall huko London akapima kwa vyombo bora zaidi ni gesi gani zinadaka joto na zipi haziwezi. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden akakaa na kalamu na karatasi akahesabu dunia itapata joto kiasi gani kaboni dayoksaidi ikiongezeka mara mbili. Angalia hizo tarehe. Mwaka 1896 hapa pwani Mwingereza alikuwa ndo kwanza anaanza kujenga reli kutoka Mombasa. Hakukuwa na siasa ya tabianchi, hakukuwa na mtu wa kulipwa kwa kusema hivi, ni watu walikuwa wanapima tu.

Watu wengine husema, lakini hiyo gesi ni kidogo mno, chembe kama 420 tu katika kila chembe milioni moja za hewa, itafanya nini? Mvuvi yeyote anajua jibu. Chukua wino wa ngisi kidogo tu utie kwenye ndoo ya maji uone. Udogo si hoja, hoja ni kitu hicho kinazuia nini, na kaboni dayoksaidi inazuia aina ya joto ambayo gesi zile nyingi zinaiachia ipite.

Hiyo namba 420 imetoka wapi? Mwaka 1958 bwana mmoja, Charles David Keeling, alianza kupima hewa juu ya mlima Mauna Loa kule Hawaii, katikati ya bahari, mbali na viwanda na magari. Akapata kama 315. Vipimo havijasimama mpaka leo na kila mwaka vinapanda, 2024 wastani umepita 420. Kuna kitu kizuri sana kwenye grafu yake, kila mwaka mstari unashuka kidogo misitu ya kaskazini mwa dunia ikichipua majani, alafu unapanda tena majani yakianguka, yaani unaiona dunia ikivuta pumzi na kuitoa. Ila kila pumzi inaishia juu kuliko ya mwaka uliopita.

Na kabla ya 1958? Barafu ya Antaktika ina viputo vya hewa ya zamani vilivyofungwa ndani yake theluji ilipokuwa inajigandamiza. Wamechimba wakafikia barafu ya miaka 800,000. Kwa muda wote huo, enzi za barafu zikija na kuondoka, kaboni dayoksaidi imekuwa ikicheza kati ya 180 na 300 hivi. Kabla ya viwanda kuanza Ulaya ilikuwa kama 280. Sasa tuko 420 na zaidi. Kitu ambacho hakijatokea kwa miaka laki nane kimetokea ndani ya muda ambao tumbawe letu limekua kama mita mbili hivi.

Lakini tena mtu mwenye akili atauliza, na ana haki, hiyo kaboni ya ziada mnajuaje ni ya magari na viwanda? Si volkano? Si bahari yenyewe inatema? Hapa ndo nataka tukae, kwa sababu hapa ndo penye ushahidi ambao binafsi ulinimaliza maneno.

Kaboni ziko za aina tatu. Ile ya kawaida, 12, ndo nyingi. Kuna nzito kidogo, 13. Na kuna adimu kabisa, 14, ambayo inazaliwa kule juu hewani miale ya kutoka angani ikigonga nitrojeni. Kila kilicho hai, mnazi, mbuzi, mimi na wewe, tunayo 14 kidogo mwilini kwa sababu tunakula na kupumua. Kikifa hakipati nyingine, na ile aliyonayo inaoza, kila miaka 5,730 inabaki nusu. Baada ya miaka kama elfu hamsini haipimiki tena. Ndo inatumika kujua umri wa mbao za kale na mifupa.

Sasa mafuta ya petroli na makaa ya mawe ni mimea na viumbe vilivyokufa mamilioni ya miaka iliyopita. 14 yao iliisha zamani. Ukiyachoma, moshi wake ni kaboni isiyo na 14 hata chembe. Basi kama ni sisi tunaojaza hewa kwa kuchoma mafuta, 14 hewani lazima izimuliwe, kama vile maziwa yanavyozimuliwa na maji. Mwaka 1955 Hans Suess alipima mbao za miti ya karibuni akakuta kweli, zina 14 pungufu kuliko zinavyotakiwa. (Baada ya hapo majaribio ya mabomu ya nyuklia yakaongeza 14 hewani kwa wingi yakavuruga hesabu kwa miaka, kwa hivyo vipimo vya kabla ya mabomu ndo vilivyo safi zaidi kwa jambo hili.)

Alafu kuna 13. Mimea ikila hewa inapenda kaboni nyepesi, 12, ile 13 inaiacha acha. Kwa hivyo kitu chochote kilichotoka kwenye mmea kina 13 kwa uchache, hata kikikaa chini ya ardhi kikageuka makaa ya mawe. Kaboni ya volkano na ya baharini haiko hivyo. Na hewa yetu uwiano wa 13 unashuka mwaka hadi mwaka, na huko kushuka kumejiandika mpaka kwenye mifupa ya matumbawe ya bahari mbalimbali duniani. Weka hizo mbili pamoja. 13 inasema kaboni hii iliwahi kuwa mmea. 14 inasema mmea huo ulikufa zamani za zamani. Mmea uliokufa zamani za zamani jina lake ni makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mimi sijui jina lingine.

Bado kuna ya tatu, oksijeni inapungua. Usiogope, inapungua kidogo mno, hutakosa pumzi, lakini vyombo vinaiona, na inapungua kwa kiasi kinacholingana na kitu kinachoungua. Ukiwasha moto unakula oksijeni. Volkano ikitema kaboni haili oksijeni hivyo. Na bahari je? Kama bahari ingekuwa ndo inatoa kaboni, yenyewe ingekuwa inapungukiwa, lakini vipimo vinaonyesha kinyume, bahari inameza karibu robo ya kaboni tunayotoa na maji yanazidi kuwa na asidi, ambayo ni habari mbaya kwa kila kiumbe kinachojenga nyumba ya chokaa, kuanzia chaza hadi tumbawe.

Na hesabu ya kawaida tu ya dukani nayo ipo. Tunajua tani ngapi za mafuta na makaa zinachomwa kwa sababu zinauzwa na kulipiwa ushuru. Mwaka 2023 ilitoka kama tani bilioni 37 za kaboni dayoksaidi. Volkano zote za dunia hazifikii hata asilimia moja ya hiyo. Inayobaki hewani ni kama nusu ya tunayotoa, nyingine inamezwa na bahari na mimea. Yaani duka limeingiza gunia mbili, moja iko kwenye rafu, moja iko stoo, kisha mtu anakuja kusema ile gunia ya kwenye rafu imetoka kwengine.

Watu wa Lamu na Malindi tunaielewa kaboni ya mawe kuliko tunavyodhani. Nyumba zetu za kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa inapatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuu. Jiwe linaingia zito linatoka jepesi. Ule uzito uliopotea umeenda wapi? Umepanda na moshi, ni kaboni dayoksaidi iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Kiwanda cha saruji kinafanya kitu hichohicho na mawe ya chokaa, kwa ukubwa wa mlima. Tanuu za wazee wetu hazikuibadilisha hewa ya dunia, lakini kanuni ni ileile.

Sasa tumejua gesi ni yetu na tumejua gesi inadaka joto. Mtu mbishi bado ana mlango mmoja, atasema sawa gesi ni yenu, lakini joto hili ni la jua, imesadifu tu. Mlango huo nao umepimwa.

Setilaiti zinapima nguvu ya jua moja kwa moja tangu 1978. Jua linapanda na kushuka kidogo kila miaka kama 11, ila kwa ujumla halijaongezeka, tangu miaka ya themanini liko palepale au limeshuka kidogo, na joto la dunia muda huohuo limepanda kwa kasi. Lakini ushahidi mkali zaidi ni huu. Kama jua ndo limeongeza moto, hewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu kabisa. Kama ni gesi, hewa ya chini itapata joto na ile ya juu, tabaka linaloitwa stratosfia, itapoa, kwa sababu kule juu gesi hizo zinatoa joto kwenda angani. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald walilisema hilo kutoka kwenye hesabu zao za kompyuta, kabla vipimo havijaonyesha. Na ndivyo ilivyokuwa, chini kunapata joto, juu kunapoa. Manabe alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia 2021. Jua haliwezi kufanya hivyo hata likitaka. Usiku nao, ukichukua dunia kwa ujumla, umekuwa ukipata joto haraka kuliko mchana, na usiku jua halipo.

Kuna moja ambayo kwa mtu wa Malindi inagusa. Ngomeni hapo kuna ile kambi ya Waitaliano ya kurushia setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru, ilirushwa kutoka pale setilaiti ikaitwa Uhuru, ya kuchunguza miale ya eksirei ya nyota. Mwaka huohuo kutoka Marekani ilirushwa nyingine, Nimbus 4, yenyewe ikiangalia chini kwetu, inapima joto linalotoka duniani kwenda angani, rangi kwa rangi. Mwaka 1997 setilaiti ya Wajapani ikapima tena kitu hichohicho. Wanasayansi wakaweka vipimo viwili hivyo sambamba wakachapisha 2001, na walichokiona ni kwamba joto linalotoka limepungua kwenye zile rangi hasa ambazo kaboni dayoksaidi na metheni hudaka. Si kwengine, ni pale pale. Kama mtu ameingia nyumbani na nyayo zake ziko kwenye unga na unajua saizi ya kiatu chake.

Na ile mizunguko mirefu ya dunia, inayoleta enzi za barafu? Ipo kweli na imesomwa vizuri, lakini inakwenda kwa maelfu na maelfu ya miaka. Dunia ilipotoka kwenye enzi ya barafu ya mwisho ilipata nyuzi kama 5 kwa miaka kama elfu kumi. Sisi tumeongeza zaidi ya moja kwa karne moja na nusu, na nyingi yake imekuja tangu miaka ya sabini, wazazi wetu wakiwa hai.

Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, lililoundwa 1988, halikuanza kwa kupiga kelele. Ripoti ya 1995 ilisema kwa tahadhari kwamba mkono wa binadamu unaanza kutambulika. Ya 2021 ndo ikasema hapana shaka. Na hesabu yao ni kwamba kutoka nusu ya pili ya karne ya 19 hadi muongo wa 2010 hadi 2019, binadamu kaleta nyuzi 1.07 hivi, na jua pamoja na volkano hazikuzidi sehemu moja ya kumi ya nyuzi moja, kupanda au kushuka. Yaani karibu yote ni yetu. Watu waliochukua zaidi ya miaka thelathini kufika kwenye neno "hapana shaka" mimi nawaamini zaidi kuliko anaeamka asubuhi na jibu.

Hapa naomba nisiwe mtu wa kutia kila kitu kwenye gunia moja, kwa sababu huko nako ni kuharibu ukweli. Yale maji mekundu ya mto Sabaki yanayoingia baharini na kupaka mwamba wetu tope, hayo si tabianchi. Tumbawe jingine la Malindi la umri wa miaka kama 300 limepimwa madini ya bariamu, ambayo huja na udongo wa mtoni, na linaonyesha udongo uliongezeka sana kuanzia mwanzo wa karne ya 20, ardhi za juu zilipoanza kulimwa na kukatwa misitu kwa namna ya kikoloni. Ni mkono wa watu pia, ila ni kosa jengine. Na mwaka 1998 matumbawe yetu yalipogeuka meupe na mengi sana yakafa, ilikuwa ni El Niño kali, ambayo ni ya maumbile, imekuja juu ya bahari ambayo tayari ilikuwa imepanda joto. Wimbi kubwa lilikuwapo tangu zamani, lakini sasa linapanda juu ya maji ambayo tayari yamejaa, na ndo maana linafika mahali halikuwa likifika.

Hata kwa mvua wanatofautisha tukio kwa tukio. Ule ukame wa 2020 mpaka 2023 uliomaliza mifugo kule Tana na Garissa mpaka Somalia, timu ya wanasayansi ilihesabu ikakuta ongezeko la joto liliufanya uwe na uwezekano mara 100 hivi zaidi, na sababu kubwa si mvua peke yake, ni joto linalokausha udongo. Mvua za masika za 2024 zilizoleta mafuriko, timu hiyohiyo ilisema mchango wa tabianchi ni mdogo. Mtu anaetaka kukudanganya hakupi jibu mbili tofauti.

Upande wa mama kwetu ni Lamu, na kule swali hili la kaboni lilishafika mlangoni. Kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe Kwasasi, bara ya Lamu, megawati 1,050. Wavuvi na wenyeji wakaenda kwenye mahakama ya mazingira na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Huwa nafikiria ule moshi ambao ungetoka pale, kila tani yake ingekuwa kaboni isiyo na 14, yenye 13 pungufu, ingepanda mpaka Mauna Loa ikapimwa, ingeingia baharini ikajiandika kwenye matumbawe ya Kiwayu. Na Lamu hiyohiyo ndo yenye zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya, miti ambayo inachukua kaboni kutoka hewani na kuizika kwenye tope lake kwa karne na karne. Usawa wa bahari duniani umepanda kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na kasi yenyewe imeongezeka, zamani ilikuwa zaidi kidogo ya milimita moja kwa mwaka na sasa inakaribia nne. Mtu wa mbali akisikia milimita anaona si kitu. Anaekaa kwenye ukuta wa mbele wa mji wa Lamu siku ya bamvua anajua kila kidole cha maji kinamaanisha nini.

Wiki iliyopita nimerudi barazani nikamhadithia ami habari ya tumbawe. Alisikiliza mpaka mwisho, alafu hakuniuliza kama ni kweli. Aliniuliza, "Na moto wote ukizimwa leo, mwanangu, maji yatapoa?" Nikamwambia hapana ami, hesabu zinasema hivi: tukiacha kabisa kuongeza kaboni, joto la hewa litaacha kupanda ndani ya miaka michache, litasimama hapo hapo lilipofika, halitarudi chini upesi kwa sababu kaboni nyingine itakaa hewani maelfu ya miaka. Usawa wa bahari wenyewe utaendelea kupanda kwa karne kadhaa, kwa sababu joto lililoshaingia linazidi kushuka vilindini na barafu inachelewa kujibu. Akanyamaza akasokota kikombe chake. Kisha akasema asubuhi twende mwambani wakati wa maji kupwa, nimuonyeshe tumbawe la aina ile lilivyo, yeye miaka yote amelipita na mashua akiliita jiwe.